Bendi Iliyozaliwa Kanisani

Katika vikao vya wazee wa kanisa jijini Dar es Salaam kuna swali ambalo halichoki kurudi. Kijana anapiga gitaa la solo kwenye ibada ya Jumapili na watu wanabarikiwa. Baadaye mtu mmoja anasema alimwona Jumamosi usiku akipiga gitaa hilohilo ukumbini, watu wakicheza dansi. Tumfanyeje? Wapo wanaosema asimamishwe mpaka atubu. Wapo wanaosema aachwe, maana ana watoto wa kulisha na kanisa halimlipi. Wengine hunyamaza tu, kwa kuwa hawataki kwaya ya vijana ikose mpiga gitaa.

Makala hii haitoi hukumu ya kumaliza shauri hilo. Inataka kulitazama kwa jicho la historia, kwa sababu mara nyingi tunajadili kana kwamba kanisa na bendi ni nyumba mbili zilizojengwa mbali na kila moja ina msingi wake. Sivyo ilivyokuwa katika mwambao wetu. Ukifuata njia ya muziki kutoka Bagamoyo mpaka Kariakoo utaona kwamba bendi ilizaliwa kanisani, ikatoka nyumbani, ikakaa nje kwa muda mrefu, kisha ikarudi. Kama mwana mpotevu, ilirudi na mambo mengi iliyojifunza huko ilikokwenda.

Tarumbeta za misheni

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Wengi wa watoto waliolelewa pale walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Walifundishwa dini, kusoma, kilimo na kazi za mikono, na pamoja na hayo walifundishwa muziki. Mwandishi Henry Morton Stanley alipofika Bagamoyo mwaka 1871, akijiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone, mapadre walimkaribisha misheni. Aliandika baadaye kwamba vijana wa pale walimpigia muziki wa tarumbeta, naye akastaajabu.

Tukio hilo lina uzito wake. Bagamoyo ilikuwa mji ambamo misafara ya pembe na ya watumwa iliishia. Mtoto aliyeletwa pale kama mzigo, ambaye pumzi yake ilihesabiwa kuwa mali ya mtu mwingine, sasa alitumia pumzi hiyohiyo kupuliza tarumbeta. Kama tunatafuta bendi ya kwanza yenye mizizi ya kanisa katika mwambao wetu, mahali pa kuanza kuitafuta ni hapo.

Kaskazini, karibu na Mombasa, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha Freretown mwaka 1875, nayo ikawa makazi ya watumwa walioachwa huru. Huko pia palikuwa na bendi ya tarumbeta. Wanahistoria wa ngoma za Afrika Mashariki wanaitaja bendi ya Freretown kuwa mojawapo ya chemchemi za ngoma iliyokuja kuitwa beni. Jina lenyewe linajieleza, maana beni ni bendi kwa matamshi ya Kiswahili.

Beni ilikuwa ya watu wenyewe. Walivaa sare, walijipa vyeo, walipanga gwaride, na walishindana mtaa kwa mtaa katika vyama kama Marini na Arinoti. Ilienea katika miji ya mwambao, ikaingia bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapo ndipo mgongano wa kwanza ulipotokea. Wamisionari wengi hawakuipenda beni. Waliona gharama zake, mashindano yake na mikesha yake, wakawakataza Wakristo kuicheza. Hawakukosea katika kila jambo, maana watu waliingia madeni kwa ajili ya sare na karamu. Lakini ngoma waliyoikataza ilikuwa, kwa upande mmoja, mjukuu wa tarumbeta zao wenyewe.

Kariakoo, mtaa wa wapagazi

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa katika eneo ambalo leo lina soko na maduka. Walikuwa Waafrika waliochukuliwa kutoka makabila mengi kubeba risasi, unga na majeruhi, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa magonjwa na uchovu. Hivyo mtaa wetu maarufu kwa biashara umebeba jina la watu waliobebeshwa mizigo.

Vita vilipokwisha, Kariakoo ikawa mji wa Waafrika katika jiji lililogawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa karibu na bahari, Wahindi katikati, Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Mgeni aliyetoka Songea, Tabora au Dodoma alifikia Kariakoo kwa ndugu, akatafuta kazi bandarini au kwenye reli, na jioni akatafuta mahali pa kukutana na wenzake. Kengele za Mtakatifu Yosefu na za kanisa la Kilutheri la Azania Front zililia kule upande wa bahari. Ngoma na baadaye dansi zililia huku mitaani.

Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Neno jazz halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi peke yake. Lilimaanisha bendi ya kisasa, yenye vyombo vya kigeni na wapigaji wenye heshima zao. Baadaye zikaja Kilwa Jazz na Western Jazz. Mwaka 1952 ulifunguliwa ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, ukawa mahali pa mikutano na dansi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaanzisha NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na sasa ni Msondo Ngoma.

Tukumbuke jambo moja kuhusu NUTA Jazz: wapigaji wake waliajiriwa. Mpiga gitaa alikuwa na mshahara kama karani. Kanisa halikuwa na nafasi ya namna hiyo. Kijana aliyejua kusoma noti kwa sababu ya kwaya ya misheni, na ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye kinanda, alikuwa na njia mbili. Angeweza kubaki kwaya akimwimbia Mungu bila malipo, huku akitafuta riziki kwa kazi nyingine. Au angeweza kwenda kwenye bendi. Wengi walikwenda. Hatuwezi kusema wote walimkimbia Mungu. Wengine walifuata kazi waliyoijua.

Kijana wa Mvumi na Afro 70

Patrick Pama Balisidya alizaliwa mwaka 1946 Mvumi, Dodoma. Mvumi ilikuwa kituo kikubwa cha misheni ya CMS, chenye hospitali na shule. Tena iko katika nchi ya Wagogo, watu ambao kuimba kwa sauti nyingi ni urithi wao tangu kabla ya misheni, na ambao zeze na marimba zao zinajulikana mbali. Mtoto wa Mvumi alisikia nyimbo za kanisa na nyimbo za mababu katika kijiji kimoja. Balisidya alitoka katika familia ya watu wa muziki, na muziki wa kanisa ulikuwa sehemu ya malezi yake.

Alipofika Dar es Salaam alipitia Dar es Salaam Jazz Band, ile kongwe ya mwaka 1932. Mwaka 1970 akaunda bendi yake, Afro 70. Jina lilisema yote: Uafrika, na mwaka wenyewe. Huo ulikuwa wakati wa vijana wa magitaa ya umeme. Huko Ulaya na Marekani muziki wa rock ulikuwa umewashika vijana, na Dar es Salaam nayo ilikuwa na bendi za namna hiyo, kama Sunburst, ambayo pia ilianza mwaka 1970. Serikali na chama walikuwa na wasiwasi wao. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini, kwa hoja kwamba unaharibu vijana na utamaduni. Tazama jinsi hoja inavyofanana: yale yaliyosemwa na wamisionari juu ya beni, sasa yalisemwa na wanasiasa juu ya soul.

Afro 70 ilijibu kwa kazi. Ilichukua gitaa la umeme na kuliimbisha Kiswahili. Wimbo wake Harusi ulikubalika kwa watu wa rika zote na bado husikika kwenye sherehe za ndoa, zikiwemo za washarika wetu. Mwaka 1977 bendi hiyo ilikwenda Lagos kuiwakilisha Tanzania katika FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Balisidya alishirikiana na bendi ya Sweden iitwayo Archimedes Badkar katika santuri yenye jina la Kiswahili, Bado Kidogo. Hivyo kijana wa kijiji cha misheni aliubeba muziki wa nchi yake mpaka Lagos na Ulaya ya kaskazini.

Balisidya alifariki Agosti 2004. Maisha yake hayatupi hadithi nyepesi ya aliyepotea akapatikana, wala ya mtakatifu aliyejificha ukumbini. Yanatuonyesha kitu cha kawaida zaidi, na kwa hiyo chenye faida zaidi kwetu: kipaji kilichokuzwa katika mazingira ya kanisa kililihudumia taifa zima. Kila arusi iliyochezwa kwa wimbo wake ilipokea kitu ambacho Mvumi ilisaidia kukipanda. Je, sharika zetu zilijua? Ziliwahi kusema asante?

Waliorudi

Njia hiyo ilikuwa na wasafiri wa pande zote mbili. Wakati vijana wa kwaya walikwenda kwenye dansi, wapo watu wa dansi waliokuja kanisani.

Cosmas Chidumule alikuwa mmoja wa waimbaji wa Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mtindo wao wa Sikinde ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa eneo hili. Ukumbi wa DDC Kariakoo ulikuwa moja ya kumbi kubwa za dansi hapa mjini. Wimbo wake Neema unakumbukwa na kila mtu aliyekuwa na redio wakati huo. Chidumule baadaye aliokoka, akaacha dansi, akawa mwimbaji wa Injili. Sauti ilikuwa ileile. Ufundi wa kupanga beti, kupumzika mahali panapostahili na kusimulia kisa mpaka msikilizaji ajione ndani yake, alikuwa ameupata kwenye bendi.

Mwingine ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Aliimba habari za mnyonge, za kifo, za maskini asiye na mtetezi. Mwaka 1988 alialikwa kwenye tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu yake Songs for the Poor Man. Nyumbani kwake Sinza palijulikana hata kituo cha daladala kikaitwa kwa jina lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliimba Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu kutumia kondomu kujikinga na ukimwi. Redio ya taifa haikuupiga wimbo huo, na watu wengi wa kanisa waliukataa. Kanisa lilikuwa na sababu ya kufundisha uaminifu katika ndoa na kujizuia kabla ya ndoa, na mafundisho hayo hayajabadilika. Hata hivyo, tukumbuke miaka ile ilivyokuwa. Tulizika vijana kila wiki, na katika mazishi mengi ugonjwa haukutajwa kwa jina. Tulisema ni malaria, ni kifua, ni kurogwa. Mtu wa bendi alitaja hadharani lile ambalo mimbari nyingi ziliogopa kulitaja. Unaweza kukataa dawa aliyopendekeza, lakini huwezi kukataa kwamba aliuona ugonjwa.

Baadaye Remmy mwenyewe aliugua kisukari na kupooza. Katika miaka yake ya mwisho aliokoka, akakata rasta zake zilizokuwa alama yake kwa miongo mingi, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010 nyumbani kwake Sinza. Wapo waliosema amekimbilia kwa Yesu kwa sababu ya ugonjwa. Wangapi katika Injili walimwendea Yesu wakiwa wazima?

Gitaa linaingia kwaya

Wakati watu hao wakirudi mmoja mmoja, chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuingia mlangoni. Kwaya za zamani ziliimba bila vyombo, au kwa kinanda cha kukanyaga, zikifuata tafsiri za nyimbo za Wajerumani na Waingereza. Polepole kwaya za vijana zikaleta gitaa, kisha besi, kisha kinanda cha umeme na ngoma za kisasa. Katika sharika nyingi jambo hilo halikupita bila ugomvi. Wazee waliuliza: hili si gitaa la kilabuni?

Waliuliza swali la haki, maana lilikuwa kweli gitaa la kilabuni. Mapigo ya kwaya nyingi za uinjilisti yalifuata dansi ya Dar es Salaam na ya Kongo, solo ikijibizana na ridhimu, besi ikitembea chini. Vijana hawakuwa na shule nyingine ya gitaa. Walilisikia kwenye redio na kwenye kumbi za jirani, wakaliweka chini ya maneno ya Biblia.

Kisha ikaja kaseti. Ulyankulu Barabara ya 13 kutoka Tabora, AIC Chang'ombe, Uinjilisti Kijitonyama na kwaya nyingine zilisikika kwenye mabasi, saluni na misibani, hata katika nyumba za watu wasiokwenda kanisani. Na kaseti hizo ziliuzwa wapi? Kariakoo. Wasambazaji wa Kariakoo waliuza kwaya na dansi kwenye rafu moja, na wezi wa kazi za wasanii waliziiba zote kwa usawa. Sheria ya hakimiliki ilitungwa mwaka 1999, lakini kwaya nyingi zilikuwa zimekwisha kuwatajirisha watu wengine. Kwa habari ya kunyonywa, mwimbaji wa kwaya na mwimbaji wa dansi walikuwa ndugu.

Biblia inasema nini juu ya chombo

Turudi sasa kwenye swali la kikao cha wazee. Mpiga muziki wa kwanza anayetajwa katika Biblia ni Yubali, katika Mwanzo sura ya 4. Anaitwa baba yao wote wapigao kinubi na filimbi. Naye alikuwa wa uzao wa Kaini. Kama tungehukumu chombo kwa ukoo wa aliyekianzisha, kinubi kisingeingia hekaluni kamwe. Lakini Daudi alikipiga mbele ya Sauli ili roho mbaya imwache, na Zaburi ya 150 inavikusanya vyombo vya namna nyingi, vya kupuliza, vya nyuzi na vya kupiga, ili vyote vimsifu Bwana.

Upande wa pili, Danieli sura ya 3 inatuonyesha vyombo vingi vikipigwa pamoja ili watu waanguke na kuisujudia sanamu ya dhahabu. Shadraka, Meshaki na Abednego hawakukataa vinubi na filimbi. Walikataa kusujudu. Tofauti hiyo ndiyo mizani yetu. Chombo hakina imani. Anayekipiga ndiye mwenye moyo, na muziki una mahali unapowaelekeza watu.

Mizani hiyo inampima kijana wetu wa gitaa, nayo inatupima sisi pia. Yeye anapaswa kujiuliza: ninapopiga Jumamosi, ninawaongoza watu wapi? Upo wimbo wa ndoa, wa kazi, wa msiba, wa kuionya jamii, ambao Mkristo anaweza kuupiga bila aibu. Upo pia wimbo unaomdhalilisha binti wa watu, na ukumbi ambao kazi yake ni kumaliza mshahara wa baba kabla haujafika nyumbani. Mkristo ana haki ya kusema hapana, hata kama kukataa kutamkosesha nauli. Lakini ili aweze kusema hapana anahitaji usharika wa kumshika mkono.

Na hapo ndipo sisi tunapopimwa. Tunapenda sauti ya gitaa kwenye ibada ya mavuno, lakini ni mara chache tunauliza kama mpigaji amekula. Tunamlipa fundi wa bati, tunamlipa mwenye maturubai, kisha tunamwambia mpiga gitaa kwamba yeye anamtumikia Bwana. Tukisikia yuko ukumbini tunashangaa. Daudi hakuwaacha waimbaji wa hekalu waishi kwa kubahatisha. Vitabu vya Mambo ya Nyakati vinasema waliwekwa kwa zamu, wakafundishwa, wakaondolewa kazi nyingine. Nehemia sura ya 13 inasimulia kwamba watu walipoacha kuwapa posho yao, waimbaji walitawanyika, kila mtu akaenda shambani kwake. Nehemia hakuwakemea waimbaji. Aliwakemea viongozi.

Hivyo kikao kijacho kitakapofika kwenye ajenda ya mpiga gitaa, tusianze na barua ya kumsimamisha. Wazee wawili wamtembelee nyumbani kwanza. Wamuulize anapiga wapi, nyimbo zipi, analipwa kiasi gani, na usharika ungeweza kufanya nini ili asilazimike kupiga zile zinazomchoma dhamiri. Kisha wamwombee, yeye na mikono yake. Watoto wa Bagamoyo walipewa tarumbeta na watu walioamini kwamba pumzi yao ni ya Mungu. Kijana huyu naye anastahili kuaminiwa hivyo.